Mbeleko Niliyochelewa Kuifunga

Bwana asifiwe! Hapana, wapendwa, hiyo amina imelala. Mimi nimetoka jeshini, nimezoea kuitikiwa na kikosi kizima. Bwana asifiwe! Haya, sasa tumeamka wote.

Naitwa Eliakunda, sajenti mstaafu. Wengi mnanijua kama yule mama anayekaa kiti cha nyuma kabisa, karibu na mlango. Napenda kumwona kila anayeingia, ni mazoea tu. Leo mchungaji amenitoa kule, na niliyokuja kuyasema yana furaha kidogo na majuto mengi, kwa hiyo mnivumilie.

Ndugu zangu, nilimzaa binti yangu Neema nikiwa tayari nimevaa sare. Baba yake hakukaa, nimeshamsamehe, tuliache hilo. Likizo ya uzazi ilipoisha, mtoto nilimwachia mdogo wangu Foibe, huyo mwenye duka la ndoo na mabeseni Kariakoo, nikarudi kambini. Nilisema naenda narudi. Nikahamishwa kambi, nikapelekwa kozi, nikapelekwa nchi ya jirani kulinda amani. Kila nilipokuja likizo nilikuja na viatu vya mtoto, na kila mara vilikuwa vidogo. Nilikuwa nanunulia mguu niliouacha, si mguu nitakaoukuta. Foibe alivipokea, akashukuru, akampa mtoto wa jirani.

Sitaki mnielewe vibaya. Jeshi sijutii. Sikuiba, sikutoroka, nililitumikia taifa langu na bendera ile naipenda mpaka kesho. Lakini mtu anaweza asiwe na kosa na bado akajuta. Hilo hakuna aliyenifundisha depo, kule kwenye mafunzo ya uaskari.

Nilipostaafu nilihamia kwa Foibe, chumba cha nyuma ya duka. Neema alikuwa ameshakuwa mtu mzima, anafanya kazi ya maabara kule Upanga. Asubuhi ya kwanza alipita mlangoni kwangu na mkoba wake begani akaniamkia, "Shikamoo, Afande." Nikacheka, nikadhani ananitania. Hakuwa ananitania! Foibe alikuwa mama. Mimi nilikuwa Afande, kwa sababu tangu utotoni ndivyo alivyosikia watu wakiniita nikishuka na begi langu. Hakusema kwa ubaya hata kidogo, na hapo ndipo paliponiuma. Angenichukia ningejua pa kuanzia.

Ndugu zangu, nikaanza kuharibika. Usingizi ukanikimbia. Nikawa nimekaa tu chumbani, nakunja shuka, nakunjua, nakunja. Foibe akinituma sokoni ndipo ninapotoka. Siku moja, karibu na Msimbazi, mwenye duka mmoja akashusha mlango wake wa chuma kwa kishindo. Nilijikuta nimelala kifudifudi katikati ya njia, mikono kichwani, juu ya sidiria za machinga alizokuwa amezipanga vizuri kwenye turubai. Sajenti mzima! Wabeba mizigo wakasimama. Vijana wakacheka, wengine wakatoa simu wapige picha. Mwenye biashara akaniuliza kama nanunua au napumzika.

Hapo ndipo Mungu alipomtuma Bi Sikudhani. Ni mama wa Kiislamu, mzaliwa wa palepale Kariakoo, fundi wa batiki tangu usichana wake. Hakunivuta mkono. Alikaa chini pembeni yangu, pale pale kwenye vumbi, akanyoosha miguu kama mtu aliyeko barazani kwake.

"Ulikuwa jeshini, mwanangu?" akaniuliza.

Nikamwambia ndiyo.

"Nilijua. Mwenzako wa mwaka jana alikuwa anaingia chini ya meza. Inuka twende ukanywe chai."

Wapendwa, sikujua kwamba katika mji huu kuna wanawake wasanii, wachoraji na watia batiki, waliokubaliana kuwachukua wanawake waliotoka jeshini na kuwashika mkono mpaka nao wawe wasanii. Kila msanii ana askari wake. Wanakaa kwenye ua mmoja nyuma ya maghala ya vitambaa. Wanakufundisha kuchora, kutia rangi, kupeleka kazi kwenye maonyesho, na kuongea na mnunuzi bila kumkemea. Hilo la mwisho mimi lilinishinda kwa muda mrefu!

Siku ya kwanza alinipa kitambaa cheupe cha pamba, brashi na sufuria ya nta iliyoyeyushwa jikoni. Nikasimama wima mbele ya meza, visigino pamoja. Yeye akaenda zake kuswali adhuhuri. Aliporudi akanikuta vilevile.

"Unangoja nini?"

"Nangoja amri, Bi Mkubwa."

Alicheka mpaka akashika ukuta. Akasema hapa hakuna amri, chora unachokiona ukifumba macho. Basi nikachora. Nikatia rangi, nikachemsha nta ikatoka, nikakianika kitambaa kwenye kamba. Akina mama wote wakaja kukitazama. Kilikuwa kijani, kahawia na nyeusi. Mabaka matupu! Nilikuwa nimetengeneza kombati, na mnajua raia akivaa nguo ya namna ile kitakachompata.

"Mwanangu," Bi Sikudhani akasema, "mteja akijifunga hii hafiki kona ya pili."

Nikarudia. Yakatoka mabaka. Nikarudia kwa nyekundu, yakatoka mabaka mekundu. Wenzangu wa ule ua walinitania wakanipachika jina Mama Kombati, nami nilicheka nao, lakini chumbani nililia. Nililia, ndugu zangu! Nikamwambia Mungu, mikono hii uliiona ilivyobeba bunduki na ilivyobeba wenzangu waliokufa, lakini mwanangu haikumbeba. Kama haijui kitu kingine, uichukue tu.

Mungu hakuichukua. Alinijibu kwa njia ambayo sikuitaka. Ilikuja posa ya Neema.

Kwa desturi ya kwetu, washenga wanapoleta mahari wanaleta pia mkaja wa mama, na mbeleko. Mkaja ni wa tumbo lililozaa. Mbeleko ni ya mgongo uliobeba. Mama mzazi husimama mbele ya watu akapokea vyote viwili, na hakuna anayeuliza, kwa sababu kwa watu wengi tumbo na mgongo ni vya mtu mmoja. Foibe alikuja chumbani akaniambia, dada, siku hiyo utasimama wewe, wewe ndiye mama yake. Alisema kwa moyo safi kabisa. Nami nikakosa usingizi hata ule mdogo niliokuwa naupata.

Nilikwenda kwenye ule ua wa wasanii nikamweleza Bi Sikudhani. Nilitaka anifariji. Yeye akaniuliza swali moja tu: "Huyo mtoto alibebwa kwa kitambaa gani?"

Nikasema sijui.

"Basi kaulize. Huwezi kuchora usichokijua. Ndiyo maana unachora mabaka, ndiyo unayoyajua."

Nilimfuata Foibe dukani, akiwa anapanga ndoo. Nilipomuuliza alikaa juu ya ndoo moja. Akaniambia, nilimbeba kwa kanga yako, ile ya manjano yenye korosho pembeni uliyoiacha kitandani. Kwa nyingine alikuwa analia. Alikuwa anaitafuta harufu yako. Sikuifua mpaka ilipokuwa haivumiliki, na nilipoifua alilia siku nzima. Akaniambia ilichanika, akaifanya matambara.

Miaka yote ile nilidhani mtoto alinisahau mara moja. Kumbe alinitafuta kwanza! Alinitafuta kwenye kitambaa, nami nilikuwa porini nasafisha bunduki. Sijui kama kuna mtu hapa anayeyajua maumivu hayo. Kama yupo, simwombi aeleze, namwombea tu.

Nikarudi uani. Nikachora korosho. Nilichora kila moja kwa uangalifu, mstari mmoja kama gwaride, nta nzito isiyo na ufa. Bi Sikudhani akaja akaniambia nikishike kitambaa nikifinye mpaka nta ipasuke, maana batiki bila nyufa haina uhai, rangi haipati pa kuingia. Nilikataa. Nilikuwa nimekwisha kuziba kila ufa kwa brashi. Akasema, hiki ni chako, ukikiacha hivyo sitakugombeza. Akaondoka. Nilikaa nacho, nikaomba, na mwisho nikakifinya mwenyewe. Ile sauti ya nta kukatika nikaisikia kifuani. Nilikifinya huku nalia, nikakitia kwenye beseni la rangi ya manjano iliyoiva. Kilipotoka kilikuwa na mishipa midogo imezunguka kila korosho, kama kitambaa kilichokwisha kubebea watoto. Hakikuwa na baka hata moja. Haleluya!

Siku ya mahari ikafika. Wageni walijaa mpaka kwenye ngazi. Mshenga akaita, mama mzazi asimame. Nikasimama. Nikapokea mkaja kwa mikono miwili, maana tumbo hili ni langu na halikuazimwa. Aliponinyooshea mbeleko, sikuipokea. Watu wakaguna. Nikawaambia wazee, mgongo uliobeba ule pale, umevaa gauni la bluu, mpelekeeni. Kisha nikatoa kitambaa changu kwenye mkoba, nikaenda mpaka alipokaa Foibe, nikamfunga mgongoni mbele ya watu wote. Alipoziona zile korosho alijiziba uso. Neema alikuwa amesimama nyuma yake. Alikishika upindo, akaunusa, akanitazama.

Ndugu zangu, ningependa kuwaambia kwamba siku ile aliniita mama. Hakuniita. Miaka ile imekwenda na Bwana hakunirudishia hata asubuhi moja ya utoto wake. Najuta hadi leo, na nitajuta hadi nizikwe, ila siku hizi najuta na usingizi naupata. Hilo ndilo Bwana alilonitendea. Mlango wa chuma ukigonga bado nashtuka, ila sasa nashtuka nikiwa nimesimama. Batiki zangu zimening'inia kwenye maonyesho pamoja na za Bi Sikudhani. Tena sasa nami nimepewa askari wangu, koplo mmoja mstaafu. Wiki iliyopita ameanika kitambaa chake cha kwanza. Mabaka matupu!

Namshukuru Mungu aliyenipitishia wokovu wangu kwa mwanamke anayemwomba kwa namna yake, aliyeniokota kwenye vumbi. Na wewe dada uliyevua sare, unayekunja shuka na kukunjua, njoo kama ulivyo, njoo na mabaka yako. Mwamini Bwana. Hatakurudishia ulichokosa, sitakudanganya. Lakini atakupa pa kuanzia.

Jumamosi iliyopita Neema alikuja uani bila kuitwa. Alivua saa, akapandisha mikono, akachukua brashi. Akasema, "Haya Afande, nifundishe korosho."

Bado ananiita Afande. Ila safari hii alikuwa anacheka, na alikuwa ananisubiri nicheke.