Ukigusa, Umecheza

Fundi seremala hakupanda basi kusikiliza ya watu, lakini kama macho hayana pazia, masikio ndiyo kabisa. Kiti cha mbele yake, bibi mmoja alikuwa analikodolea macho sanduku la sataranji mapajani mwa kijana aliyeketi naye.

"Kumbe ndiye wewe mwalimu wa chama cha sataranji pale shule ya msingi," alisema. "Mjukuu wangu wa darasa la pili kanitia adabu uzeeni."

"Amefanya nini, bibi?"

"Juzi dukani niligusa viatu, nione ngozi tu. Akaniambia, 'Bibi, ukigusa umecheza.' Muuzaji naye akamuunga mkono, ikabidi nivinunue. Ndivyo hivi."

Fundi alichungulia chini. Kweli, viatu vilikuwa vidogo, visigino vya bibi vimeshakimbilia nje.

"Hiyo ni kanuni ya kete, bibi," mwalimu alijitetea. "Ukigusa kete yako, lazima uisogeze. Bila hivyo watoto watabadili mawazo mpaka jua lizame. Wanajifunza kufikiri kabla ya kunyoosha mkono."

"Mimi miaka yote nafikiri kwa mkono huohuo."

Basi likakata kona. Mwalimu, akitafuta pa kujishikiza, akabonyeza kengele ya kushukia.

"Dereva, samahani," alipaza sauti, "nimegusa kwa bahati mbaya. Mimi nashuka kituo cha mwisho."

Basi lilikuwa limeshasimama. Bibi akakunja miguu kumpisha.

"Mwalimu," alisema kwa upole, "umegusa."

Fundi, ambaye hajacheza sataranji maishani mwake, alimbebea mwalimu sanduku mpaka mlangoni.