Saini Ambayo U Nyein Thaw Hakuitia

Bayan Lepas, Penang, Jumanne, tarehe 28 Februari 2023. Leo U Nyein Thaw anastaafu, baada ya miaka thelathini na mmoja katika maabara yetu ya vipande vya kupimia sukari ya damu. Huu ni mwaka wa thelathini na nne tangu avuke mto wa mpakani, Moei, pamoja na mwandishi wa maneno haya, kila mmoja na begi lake, tukaukimbia utawala wa jeshi wa Burma. Kule kwao, Mandalay, alikuwa mwalimu wa kemia.

Alianza hapa kwa kuosha vyombo vya kioo. Hakumwambia mtu kazi yake ya zamani, mpaka siku aliposahihisha hesabu ya mhandisi ubaoni kwa kidole chenye povu la sabuni. Wiki iliyofuata alihamishiwa meza ya vipimo, na hakutoka tena.

Wafanyakazi wapya aliwafundisha kwa machungwa ya kantini. Kimeng'enya huichukulia sukari elektroni mbili. Chumvi nyekundu iliyopakwa juu ya kipande huzipokea na kuzifikisha kwenye elektrodi. Huko huwa mkondo wa umeme, na mkondo ndio namba anayoisoma muuguzi. Machungwa, ndiyo elektroni, yalipita mkono kwa mkono, na mtu mmoja, oksijeni ya damuni, alikaa katikati kuyapora. Elektroni ikishaporwa haifiki, wala haihesabiwi.

"Mbona mwizi ni mimi kila wiki, Mjomba?" alilalamika Rohaya wa kitengo cha ufungaji.

"Una mikono mirefu, mwanangu. Kaa."

Lakini tunayemuaga leo ni yule wa Machi 1999, wa fungu namba 417.

Desturi yetu wakati ule ilikuwa hii: asubuhi Rohaya hutolewa damu mkononi, chupa huachwa wazi zikizungushwa kwenye mashine, sisi twende chai, kisha tupime. Siku ya kupima fungu hilo U Nyein hakwenda chai kwa sababu jino lilimuuma. Akapima damu ileile ikiwa mbichi, kabla haijanywa hewa, na vipande vikasoma juu kuliko mashine kubwa ya kulinganishia. Damu nyingine akaifunga hadi kesho yake, seli zikaila sukari, akaipulizia naitrojeni kuiondolea oksijeni. Mashine kubwa ilisema 2.9, sukari ya chini ya hatari. Kipande kilisema 4.6, sukari ya kawaida.

Mashine mpya ya kupaka ilikuwa imeipaka chumvi nyekundu nyembamba mno. Penye oksijeni nyingi, sehemu ya elektroni iliporwa, na sisi tulikuwa tumeupangia mkondo uliobaki namba sahihi. Oksijeni ikipungua, elektroni zote zilifika, na namba ikapanda bila sukari kupanda. Mgonjwa wa mapafu anayeishiwa sukari angepimwa, muuguzi angeona namba ya mtu mwenye afya, angemfunika shuka na kwenda kitanda cha pili.

Shehena ilikuwa iondoke Ijumaa. Ilihitaji saini ya U Nyein. Kibali chake cha kuishi nchini kilikuwa kinakwisha mwezi huohuo, nacho kilihitaji saini ya meneja, Bwana Quah. Bila kibali angerudishwa mpakani mwa Burma, na upande wa pili jina lake lilikuwa kwenye orodha ya watu wa kukamatwa.

"Mjomba, kipimo kimepita!" Bwana Quah alifoka. "Unataka nini tena, kikupigie saluti?"

"Kimepita kwa damu iliyokaa ikipunga upepo, Bwana Quah. Mgonjwa hatasubiri tumalize chai."

"Na kibali chako?"

"Kiko mezani kwako. Hili fungu siliandikii jina langu."

Rohaya alimfuata ukumbini akilia. "Saini tu, Mjomba. Wakikurudisha watakuua."

"Najua. Kesho niletee mkono mwingine, huu nimeutoboa sana."

Kwa siku nne alilala na viatu miguuni. Siku ya tano Bwana Quah aliingia maabara peke yake, akakunja shati, akanyoosha mkono wake mwenyewe utolewe damu. Kesho yake alisoma namba mbili zilizoandikwa, ya mashine kubwa na ya kipande, akazisoma tena. Vipande laki mbili viliteketezwa. Kibali kilitiwa saini alasiri ile, wino ukaenda hadi pembeni mwa karatasi. Tangu wakati huo, hakuna fungu linalotoka hapa bila kupimwa kwa damu yenye oksijeni na isiyo nayo.

U Nyein, asante. Wako watu walioamka asubuhi kwa sababu yako, wala hawalijui jina lako. Tunakuombea siku za utulivu, usingizi usio na viatu, na chai unayoimaliza ikiwa ya moto.

Kampuni humpa kila mstaafu wa kigeni tiketi ya ndege ya kwenda kwao. Yake ameirudisha jana ofisini, ikiwa ndani ya bahasha, haijafunguliwa. Orodha ile ilifutwa, na baada ya mapinduzi ya jeshi ya 2021 imeandikwa upya. Atakaa Balik Pulau, papa hapa Penang, nyumba ya tatu kutoka kwa Rohaya. Mandalay hatarudi.