Meza Kumi na Tisa za Mkaguzi wa Mizani

Mume wangu alizaliwa tarehe 9 Mei 1960, mtoto wa tatu wa mshona viatu, katika chumba kimoja nyuma ya kiwanda cha mikate. Mama mkwe alizoea kusema kwamba mwanawe huyu aliijua harufu ya mkate kabla ya harufu ya mzazi wake.

Alianza shule mwaka 1967 na kumaliza sekondari 1978, wa kwanza kwa hesabu. Mimi sikupelekwa shule. Kusoma nilijifunza ukubwani, kwa hiyo nikikwama katika kuwasomea wasifu huu wa marehemu mnivumilie.

Tarehe 1 Agosti 1980 aliajiriwa ofisi ya vipimo kuwa mkaguzi wa mizani, akafanya kazi hiyo miaka arobaini. Alizunguka mabucha, masoko na majiko ya mji mzima. Wafanyabiashara walimwita Gramu, na hongo hakuila. Katika kuzunguka huko alijua kila mahali ambapo mtu wa kipato kidogo anakula akashiba na kulamba vidole. Siri hiyo hakuileta nyumbani.

Tulifunga ndoa tarehe 18 Desemba 1993, tukajaliwa mabinti wawili. Kwa miaka mingi alirudi jioni akisema hana njaa. Nilikula maharage yaliyolala, nikimwonea huruma kwamba kazi imemmaliza hamu.

Alistaafu 2020, na mwanzoni mwa 2023 binti yetu mkubwa alimwambia, "Baba, na mama naye apelekwe akale." Jumamosi iliyofuata akanipeleka kwa mama wa supu, nyuma ya gereji ya malori. Jamani, supu ile! Mifupa iliyochemka tangu alfajiri, ndimu, pilipili, bakuli la bati linalounguza viganja. Nilimaliza la kwanza kabla sijakaa vizuri. Mama wa supu akanitazama, akamwambia mume wangu, "Gramu, kumbe umeoa tena? Afadhali, maana tangu mkeo afariki ulikuwa unatutia huruma."

Hapo ndipo nilipojua kuwa nimekufa. Nilipombana alikiri: aliniua kwa maneno ili aongezewe mfupa, na si hapo tu, bali kwenye meza kumi na tisa. Mtu aliyefunga bucha lililopunja wateja gramu hamsini, mimi alinipunja mzima mzima.

Nilimwambia, "Utanifufua meza kwa meza, kwa mdomo wako. Ukimaliza zote, nitakusamehe."

Akakubali. Kila Jumamosi alivua kofia mbele ya mpishi na kusema, "Huyu ndiye mke wangu. Hakufa. Nilidanganya nipate nyongeza." Wapishi walimcheka na kumsuta, kisha wakanijazia sahani mimi. Aisifuye mvua imemnyea: nilikula maini ya kitunguu kwenye kibanda cha mabati, na mikate iliyovunjika, ya moto, kwenye mlango wa nyuma wa kiwanda, saa nne kamili. Nilianza kuamka Jumamosi kabla ya jogoo. Hasira ilikuwepo, lakini miguu ilikuwa imeshavaa viatu.

Juni 2023 figo zake zilianza kushindwa. Hakuacha kunipeleka, ila sasa ilikuwa mara moja moja. Meza ya kumi na nane ilikuwa ya muuza mvinyo, ngazi sita chini ya kiwanda cha uchapaji, anayeuza kwa glasi mvinyo wa mwisho wa pipa. Daktari alikuwa amemkataza, kwa hiyo nilikunywa mimi, naye akauliza una ladha gani. Nikamwambia ni kama zabibu iliyogombana na mtu, kisha wakapatana. Alicheka hadi akashika ukuta.

Alifariki Jumamosi tarehe 3 Februari 2024, saa tano asubuhi, hospitalini, mkono wake ukiwa mkononi mwangu. Neno lake la mwisho lilikuwa, "Bado muuza samaki."

Ameacha mabinti wawili, mjukuu mmoja, dada yake, na mke. Kuhusu huyo mke: jana muuza samaki alikuja nyumbani kutoa pole, akaniita shemeji, akidhani mimi ni mdogo wake yule mke aliyeambiwa amekufa. Kaka muuza samaki, nakuona hapo nyuma ya waombolezaji. Mimi ndiye mke wa Gramu. Sikufa. Alidanganya apate nyongeza, na siku zake zimekwisha kabla hajafika kwako, basi nakuambia mimi kwa niaba yake.

Zimetimia kumi na tisa. Nimekusamehe, mume wangu. Lala kwa amani.