Hita Inayojizima

Benchi la nje ya kibanda cha fundi redio lina miguu mitatu na tofali moja. Asubuhi hiyo lilibeba wanaume watatu, birika la kahawa na hita ya gesi. Hita ilikuwa ya Pindo, fundi cherehani. Ni aina isiyo na ndimi za moto: gesi inapita kwenye bamba, bamba linapata joto kimyakimya, na mambo yakienda kombo kifaa cha usalama kinaifunga gesi chenyewe. Chumbani kwa Pindo mambo yalikwenda kombo kila mara. Na jioni mkewe alikuwa anarudi kutoka hospitali na mtoto njiti, na nesi alishasema chumba kiwe na joto. Pindo alijawa na hofu.

— Ndani inawaka kidogo, halafu ta! Imezima. Nikiileta hapa nje, haizimi ng'o.

— Ina haya, alisema Waya, fundi redio. Mbele za watu inajikaza, ikibaki peke yake inalala.

— Haya wapi! alidakia Ripoti, ambaye habari za dunia humfikia kabla hazijatokea. Kule ilikotengenezwa kuna mtu kakaa mbele ya kioo cha kompyuta anakutazama. Akiona umeshiba joto, anakukatia.

— Ananionaje, na nimeziba kila mahali?

— Ndiyo maana kanuna! Mficha uchi hazai.

— Mimi nimeshazaa, Ripoti.

— Basi mwanao ndiye anayeonewa wivu. Hita nazo zina roho!

Waya aligonga kitufe cha kuwashia kwa kidole.

— Tuache porojo. Tukifunge hiki kibaki kimebonyezwa, hicho kifaa cha usalama kitasema nini? Dawa ya moto ni moto.

Pindo alikuwa na lastiki ya kiunoni mfukoni, ameshaikata tangu nyumbani. Akaanza kuizungusha kwenye kitufe.

Hapo akafika mama mkwe wake, aliyekuwa ametangulia kukagua chumba.

— Shikamoo mama, wakasema wote.

— Marahaba wanangu. Mkwe, chumba nimekiona. Mlango umeushonea kitambaa chini, dirisha umelizungushia, hata uzi wa mwanga haupenyi.

Pindo akavimba kichwa kidogo.

— Usipoziba ufa utajenga ukuta, mama.

— Sawa, baba. Sasa mjukuu wangu atavuta hewa gani?

Pindo aliitazama hita na aibu ikamshika: kumbe kila ilipojizima kwa kukosa hewa, ilikuwa inamtetea mwanawe. Halafu furaha ikamjaa, maana mtoto alikuwa bado hajafika. Akaifungua lastiki, akabeba hita, akaenda kufumua vitambaa vya mlangoni na dirishani.

Jioni dirisha lilikuwa wazi kiganja kizima, hita imewekwa mbali na kitanda alicholazwa mtoto, na haikuzima. Waya na Ripoti walisimama nje ya dirisha.

— Si nilisema kuna mtu anatazama? akanong'ona Ripoti.

Pindo alikuwa kwenye cherehani, anaitia lastiki ile kwenye suruali ndogo kuliko zote alizowahi kushona.