Kompyuta Yagomea Kadi za Msasa

Benchi la kijiwe limeegemea ukuta wa duka la Dada Kadi, mchapaji wa kadi za harusi, na dirisha lake halifungwi, kwa hiyo shida ya ndani ni shida ya nje. Siku hiyo shida ilikuwa ya Msasa, seremala mjane aliyetaka kuoa tena. Mashangazi wa mchumba walishasema: huyu bwana ana maneno mengi, tusipoziona kadi leo jioni tutajua ni mzaha. Na kompyuta ya Dada Kadi, yenye mfumo wa Linux aliowekewa na mpwa wake kabla hajasafiri, ilikataa kuipokea printa mpya mpaka ipewe nywila ya msimamizi. Asubuhi Dada Kadi aliikosea, herufi kubwa zikiwa zimewashwa. Tangu hapo hata iliyo sahihi inakataliwa. Msasa aliiacha kahawa yake ikapoa benchini.

— Inasemaje sasa? aliuliza Pancha, fundi baiskeli.

— Ile ile, Dada Kadi akajibu. Uthibitishaji umeshindwa.

— Rudia. Haba na haba hujaza kibaba.

Akarudia. Ikakataa.

— Unabonyeza kwa woga, alisema Redio, ambaye hajawahi kuzimwa. Mashine inanusa woga kama mbwa. Hebu nipishe.

Nywila yenyewe ilishatangazwa kijiwe kizima, hata muuza kahawa anaijua. Redio akapitisha mikono dirishani, akaiandika kwa kishindo. Ikakataa.

— Basi msimamizi ni yule mpwa, Pancha akaamua. Kasafiri na usimamizi wake. Paka akiondoka, panya hutawala.

— Panya ni nani? Dada Kadi akauliza.

— Sisi.

— Mbona hatutawali?

— Jamani, wivu tu huo! Redio akadakia. Kompyuta haijaolewa, inaona kadi za wenzake kila siku. Bwana harusi aiombe mwenyewe. Mkono mtupu haulambwi!

Msasa, mtu mzima na mvi zake, akainama dirishani, akasema “tafadhali,” akaandika. Ikakataa. Aliona aibu, kisha akacheka, maana aliwapenda hawa wajinga wake.

Mara mchumba akatokea, karani wa zahanati, ametoka kazini.

— Shemeji, karibu! Kadi ziko njiani, Pancha akadanganya.

Mchumba akachungulia dirishani, akaelezwa yote kwa pamoja na kila mtu.

— Kwani tangu asubuhi, kuna wakati mmeiacha bila kuijaribu?

Pancha akamtazama Redio. Redio akalitazama birika la kahawa.

— Kompyuta za kwetu kazini ukikosea mara kadhaa zinajifunga kwa muda, mchumba akasema. Ukizidi kubonyeza, hazifunguki. Kaeni.

Wakakaa. Redio akaikalia mikono yake, jasho likimtoka kwa kunyamaza. Kahawa ikaisha, na bado hakuna aliyeinuka. Hatimaye Dada Kadi akaandika mara moja, taratibu. Ikakubali. Printa ikaguna, ikatoa kadi.

Mchumba akaipokea, akapitisha kidole kwenye jina lake, kando ya la Msasa.

— Mashangazi niachie mimi, akamwambia, akasogea karibu naye.

Msasa alifurahi hadi machozi yakamlenga, na kwa mara ya kwanza tangu benchi lile lipigwe misumari, hakuna mtu aliyekuwa na ushauri.