Waanze Samaki

Wazazi wenzangu, nitaanza na neno nililolikana kwa miaka mitatu: kifafa. Binti yangu ana kifafa. Mimi nilikuwa nikisema degedege. Akianguka, nilimgusa paji la uso nikitafuta homa. Nisipoipata, nilisema imeshashuka. Nafundisha chuoni, nina shahada mbili, na zote nilizitumia kutetea homa ambayo haikuwepo.

Siku moja alianguka Nduruma, kijijini kwa wakwe zangu, kwenye sherehe ya kipaimara ya binamu yake, mbele ya ukoo mzima. Nikaanza: "Ni degedege, jua lilikuwa kali." Mama mkwe wangu akaweka chini sahani ya ndizi.

"Mwalimu," akasema, na huniita hivyo nikimchosha, "mimi nimelea saba. Degedege haimrudii mtoto kila wiki. Kesho mnakwenda hospitali."

Tukaenda. Dawa za kwanza hazikufua dafu, za pili vilevile. Daktari mmoja, kijana wa kuniamkia shikamoo, akasema ajaribu vitamini B6. Ni vile vidonge wanavyopewa wagonjwa wa kifua kikuu pamoja na dawa zao. Dukani mjini muuzaji alinihurumia: "TB inapona, dada, usikate tamaa." Nikamshukuru. Ilikuwa rahisi kuliko kumwambia kifafa. Ninyi mnaocheka huko nyuma, nawajua.

Ndugu zangu, mtoto akaacha kuanguka.

Hapo ikaanza shida ya pili. Kanisani tulikuwa tumeombewa, na mama mkwe akaona jibu limepatikana. "Kama amepona, mbona bado anameza?" Hata daktari hakuwa na uhakika. Alishuku ugonjwa wa kurithi, adimu sana: mwili hushindwa kumalizia kuvunja sehemu fulani ya protini, na mabaki yake huila vitamini hiyo mpaka ubongo unaikosa. Damu ya binti yangu ikapelekwa nje ya nchi. Jibu likarudi kwamba vinasaba vyake vina mabadiliko ambayo hawajayaona kwa mtu mwingine, hivyo hawajui kama ndiyo kisababishi. Ameyarithi kwangu na kwa baba yake, na pande zote mbili za ukoo zikaacha kunyoosheana vidole.

"Kuna njia mbili," daktari akasema. "Alazwe, tuache vitamini, tuone kama ataanguka. Au kuna maabara hukohuko nje, wanafuga samaki wadogo na kuwawekea mabadiliko kama yake. Tusubiri tuone ya samaki."

"Kwa nini tusiendelee kumpa tu?"

"Dozi kubwa kwa miaka mingi inaweza kuharibu mishipa ya fahamu. Sitaki ameze maisha yote kitu asichokihitaji."

"Kwa hiyo samaki ndio watatuambia ukweli wa mwanangu?"

"Peke yao hapana. Kuna panya wenye tatizo hili wanaokaa wazima mpaka walishwe chakula fulani. Mnyama si mtoto, mama. Lakini wakifanya kile tulichokiona kwa mtoto, nitakuwa na pa kusimamia."

Nikamweleza mama mkwe jikoni kwake. "Samaki wa kifafa," akasema. "Wataangukia wapi, na wako majini?"

Nilicheka mpaka nikalia, na kilio hakikukoma. Nikiwa nimeshika sufuria yake, nikasema kwa mara ya kwanza: "Mama, mwanangu ana kifafa. Siwezi kumwacha aanguke ili mimi na wewe tujue nani alikuwa sahihi. Waanze samaki."

Akaipokea sufuria. Kisha akasema, "Haya. Tusubiri."

Naomba nishukuru sasa, maana nikifika kwenye simu ya daktari sitaweza. Namshukuru daktari aliyekubali kusema hajui. Nawashukuru ninyi, mliompakata binti yangu bila kuuliza ana nini. Nawashukuru na samaki, ambao hakuna aliyewaomba ruhusa. Mume wangu anasema siku hizi naangalia dagaa kama jamaa zangu. Ninalowaachia ni dogo: utajeni ugonjwa kwa jina lake mapema, na msiache dawa ili kupima imani ya mtu.

Simu ililia tukiwa Nduruma, tunamenya ndizi. Nikaiweka spika.

"Mama, majibu yamekuja. Samaki wenye mabadiliko ya mtoto walijipinda na kuzungukazunguka. Wakawekewa vitamini kwenye maji, wakatulia. Ikatolewa, wakaanza tena."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo hatuiachi. Na simlazi."

Mama mkwe akajifuta utomvu mikononi, akainuka, akachota maji kwa kikombe.

"Mama," akamwita mjukuu wake aliyekuwa uani, "njoo umeze dawa yako."