Overoli ya Bluu

Wapendwa waombolezaji, na nyinyi wakubwa wa kiwanda mliokaa mstari wa pili, familia imenichagua mimi kitindamimba, mwenye digrii ya uchumi na muda wa kumwaga, niwasomee maisha ya mama yetu.

Mama alizaliwa tarehe 3 Machi 1965, binti wa kwanza wa fundi saa, katika nyumba iliyotazamana na soko, akamaliza kidato cha nne mwaka 1982, na tarehe 9 Januari 1984 akaajiriwa kiwanda cha mashati, kitengo cha kola, ambako kola zake zilisimama wima kuliko baadhi ya waliozivaa.

Alifunga ndoa na baba yetu, dereva wa lori, tarehe 22 Agosti 1987, wakajaliwa watoto wanne, na alipojifungua wa kwanza mwaka uliofuata aliacha kazi atulee, maana baba alikuwa mtu wa safari na sisi tulikuwa watundu hasa.

Mwaka 2003, mimi nimeanza darasa la kwanza na baba mgongo umemkatalia usukani, Mama aliomba kazi upya, ofisi ikamwambia, sorry Mama, una gap ndefu, tutakupigia simu, nasi nyumbani hatukuwa na simu. Jumatatu iliyofuata akavaa overoli yake ya zamani, ya bluu, akaenda getini, kumbe siku hizo bluu ilishakuwa ya wasimamizi, mlinzi akampigia saluti, akapita, akakuta kiti kitupu kwenye kola, akaketi, akashona mpaka kengele ya chakula. Msimamizi akamjia, "Mama, nani amekuajiri?" Naye bila kuinua macho, "Bado, mwanangu, nakungoja wewe."

Kiti hicho hakukiacha hadi figo zilipomwangusha Mei 2023, akalazwa, na wodini akaniuliza mbele ya wauguzi, "Wewe msomi wangu, unangoja simu gani?" Alifariki tarehe 14 Novemba 2023, mkono wake mkononi mwa baba.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotupikia bila kuombwa, na wafanyakazi wenzake waliombeba leo, na wakubwa wa mstari wa pili tunawashukuru pia, ila Jumatatu mkiniona nimekaa ofisini kwenu kwenye meza ya mahesabu, nimevaa bluu, msiulize nani ameniajiri.

Shifti yako umeimaliza, Mama, sasa ni zamu yangu. Pumzika kwa amani.